Umeitwa Kutoa Ushahidi Kwenye Kesi ya Jinai: Mwongozo Kamili, Kuanzia Polisi Hadi Kizimbani

Kesi nyingi za jinai haziharibikii kizimbani. Zinaharibika usiku ule ule wa tukio, pale mtu anapomwona mwizi, anamjua kwa jina, halafu anafika kituoni na kusema "niliona watu wawili" na kuishia hapo. Miezi kadhaa baadaye anapanda kizimbani, anamtaja mshtakiwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na hapo hapo wakili wa utetezi anaanza kutafuta karatasi moja kwenye faili lake.

Mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida aliye Tanzania Bara ambaye ameona jambo, ameibiwa, ameumizwa, au ndugu yake ameshtakiwa na hana wakili. Kanuni zenyewe ziko kwenye Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, ya mwaka 1967, kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, na kwenye hukumu za Mahakama ya Rufani. Namba za vifungu nimeziacha makusudi, kwani huweza kubadilika sheria zinapochapwa upya, na nakala inayozunguka mtandaoni mara nyingi ni ya zamani. Zanzibar ina sheria yake. Mahakama za Mwanzo nazo zina kanuni zake za ushahidi, zilizotungwa mwaka 1964. Kwa hiyo haya ni ya Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu.

Kabla ya yote: kazi yako ni ipi?

Mzigo wa kuthibitisha kosa uko kwa upande wa mashtaka, na kipimo chake ni kuthibitisha pasipo kuacha shaka ya msingi. Mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hana hatia. Akiibua shaka yenye maana, inamtosha. Wewe shahidi hukuja kumfunga mtu wala kumwokoa. Umekuja kueleza kipande chako: ulichokiona kwa macho yako, ulichokisikia kwa masikio yako, ulichokishika au kukinusa mwenyewe. Shahidi anayejipa kazi ya wakili wa Serikali ndiye anayeharibu kesi kuliko wote, kwa sababu anaanza kujaza mapengo ambayo hakuyaona.

Sheria haitaji idadi maalumu ya mashahidi. Mmoja akiaminika anaweza kutosha. Kumi wasioaminika hawatoshi. Hata hivyo, kama kuna mtu aliyekuwepo na angeweza kueleza jambo la msingi, na upande wa mashtaka ukamwacha bila sababu, mahakama inaweza kuchukulia kwamba angekuja asingewaunga mkono.

Watu huuliza pia kama ndugu anaweza kuwa shahidi. Anaweza. Hakuna sheria inayomkataa mama, kaka au shemeji. Mahakama itaangalia tu kama anasema kweli. Katika kesi ya Goodluck Kyando (2006) Mahakama ya Rufani ilisema kila shahidi anastahili kuaminiwa isipokuwa kuwe na sababu nzuri za kutomwamini. Tofauti ni kwa mume au mke wa mshtakiwa. Huyo anaweza kutoa ushahidi akipenda, lakini kwa kawaida halazimishwi, na mahakama inapaswa kumjulisha haki hiyo kabla hajaanza. Kuna makosa ambayo kinga hiyo haipo, kwa mfano makosa ya kujamiiana au kosa alilotendewa yeye mwenyewe au watoto wao.

Mtoto wa umri wa miaka 14 au chini anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila lazima kwanza aahidi mahakamani kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Utaratibu huu ulikuja na marekebisho ya mwaka 2016. Hakimu humuuliza mtoto maswali mepesi, na ahadi ile huandikwa kwenye mwenendo wa kesi. Ikisahaulika, ushahidi wa mtoto unaweza kuleta utata mkubwa kwenye rufaa. Mzazi, usimkaririshe mtoto maneno. Mwambie tu aseme lililotokea, na kama hajui aseme hajui.

Hatua ya kwanza: saa za mwanzo baada ya tukio

Mtaje mtu mapema. Hili halina mbadala. Katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita (2002) Mahakama ya Rufani ilisema uwezo wa shahidi kumtaja mtuhumiwa katika nafasi ya kwanza kabisa ni uthibitisho mkubwa wa kuaminika kwake, na kwamba kuchelewa bila maelezo kunapaswa kuishtua mahakama. Kwa hiyo kama ulimtambua, mwambie wa kwanza anayekuja kukusaidia: jirani, mjumbe, mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, kisha polisi. Huyo uliyemwambia naye anakuwa shahidi muhimu, kwa kuwa anaweza kusema "nilipofika tu alinitajia jina."

Kama humjui kwa jina, toa maelezo ya mwili: urefu, rangi, umbo, kovu, namna ya kutembea, nguo. "Nikimwona nitamtambua" peke yake haitoshi. Polisi wakitaka kufanya gwaride la utambulisho baadaye, gwaride hilo linapata nguvu kutokana na maelezo uliyoyatoa kabla hujamwona tena. Kanuni ya kale ya mahakama za Afrika Mashariki, iliyowekwa mwaka 1936, ni kwamba mtuhumiwa asimamishwe kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa kadiri inavyowezekana. Mtu akikuonyesha picha ya mtuhumiwa kwenye simu kabla ya gwaride, kataa kuitazama, na kama umeshaiona, liseme hilo wazi. Kama unamfahamu mtu huyo siku nyingi, gwaride halina kazi.

Aliyeumizwa aende polisi akachukue PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, kisha hospitali. Daktari atajaza alichokikuta. Nguo zenye damu usizifue, usizitupe.

Hatua ya pili: maelezo yako polisi

Hapa ndipo ningeomba kila mtu atulie. Karatasi unayoisaini kituoni itakufuata mpaka siku ya dodoso, yaani maswali ya upande wa pili. Askari anaandika kwa haraka, mara nyingi kwa maneno yake, na wewe umechoka na unataka kwenda nyumbani. Usisaini bila kusomewa. Ukisomewa na ukakuta kosa, lisahihishwe na uweke saini pembeni ya sahihisho. Hakikisha yafuatayo yameingia: tarehe na saa kwa makadirio, mahali, chanzo cha mwanga, umbali, jina la uliyemtambua na jinsi unavyomfahamu, nani mwingine alikuwepo, na mali iliyoibwa pamoja na alama zake.

Kwenye saa na umbali, sema kwa makadirio ya kweli. "Kati ya saa mbili na saa tatu usiku" ni jibu zuri kuliko "saa mbili na dakika ishirini" kama hukuangalia saa.

Hatua ya tatu: utambuzi wa usiku, mahali kesi nyingi zinapofia

Kesi inayotajwa karibu kila mara ni Waziri Amani ya mwaka 1980. Mahakama ya Rufani ilisema utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu, na mahakama isiutegemee mpaka ijiridhishe kwamba uwezekano wote wa kumfananisha mtu umeondolewa. Mambo yanayoangaliwa ni muda ambao shahidi alimwona mtu huyo, umbali, hali ya mwanga, na kama aliwahi kumwona kabla. Kwenye mwanga, kusema "kulikuwa na mwanga" ni sawa na kutosema kitu. Mwanga wa nini, ulikuwa wapi, na ulikuwa mkali kiasi gani? Mbalamwezi, kibatari, tochi na taa ya umeme havilingani. Na tochi aliyoishika mwizi inakumulika wewe, haimmuliki yeye. Mawakili wanalijua hilo vizuri sana.

Mfano wa kubuni wa dodoso la namna hii:

Wakili: Shahidi, unasema kulikuwa na mwanga. Mwanga wa nini?
Shahidi: Wa taa ya umeme.
Wakili: Ipi?
Shahidi: Ya kibarazani, juu ya mlango.
Wakili: Naye alisimama wapi?
Shahidi: Kwenye ngazi, kama hatua tatu kutoka nilipokuwa.
Wakili: Akiwa amekupa mgongo.
Shahidi: Mwanzoni ndiyo. Alipogeuka kuchukua begi nikamwona uso.
Wakili: Kwa muda gani?
Shahidi: Sikuangalia saa. Ni muda wa yeye kuinama, kuokota begi na kuniambia nikae kimya.
Wakili: Kwa hiyo ni sekunde mbili tu!
Shahidi: Ni muda huo niliousema.
Wakili: Ulikuwa na hofu?
Shahidi: Ndiyo, niliogopa.
Wakili: Na mtu mwenye hofu anaweza kukosea.
Shahidi: Anaweza. Huyu namfahamu, ananiuzia mkaa.

Tazama alichofanya shahidi huyu. Amekubali lililo kweli hata pale lilipomwelekea vibaya: mgongo, hofu. Hakubuni dakika tano. Alipotegewa sekunde mbili hakuzikubali wala hakugombana. Kisha jambo zito kuliko yote, kwamba anamfahamu, amelieleza kwa kitu kinachoweza kuthibitishwa. Lakini kama jina la huyo muuza mkaa halimo kwenye maelezo ya polisi ya usiku ule, uzuri wote huu unapungua thamani.

Uliyoambiwa na uliyoyaona

Ushahidi wa mdomo lazima uwe wa moja kwa moja. Ukisema "mama Asha aliniambia kwamba alimwona Juma akivunja dirisha", mahakama haitautumia kuthibitisha kwamba Juma alivunja dirisha. Anayetakiwa kizimbani ni mama Asha. Hata hivyo unaweza kueleza kwamba baada ya kuambiwa jambo na mama Asha ulikwenda dukani na ukakuta dirisha limevunjwa. Hapo unaeleza kwa nini ulikwenda, na ulichokikuta kwa macho yako.

Kuna milango michache. Kauli ya mtu aliyefariki kuhusu sababu ya kifo chake inaweza kupokelewa, ila mahakama huipokea kwa tahadhari na hupenda iungwe mkono na ushahidi mwingine. Maelezo ya maandishi ya shahidi asiyeweza kupatikana, kwa mfano amefariki au yuko nje ya nchi, yanaweza pia kuingia kwa masharti. Mojawapo ni kwamba upande wa pili upewe nakala na usitoe pingamizi ndani ya siku 10. Ndugu wa mshtakiwa asiye na wakili, siku hizo 10 zisiwapite mkidhani karatasi ile ni taarifa tu.

Maoni ni ya wataalamu: daktari, Mkemia Mkuu wa Serikali, mchunguzi wa maandishi. Badala ya kusema "alikuwa amelewa", sema alikuwa anayumba, ananuka pombe na maneno hayaeleweki. Mahakama itapata hitimisho yenyewe. Na ripoti ya daktari ikiletwa bila daktari mwenyewe kwenye mahakama za chini, mshtakiwa ana haki ya kuomba aitwe aje kuulizwa maswali, na mahakama inapaswa kumjulisha haki hiyo.

Hatua ya nne: vielelezo na safari yake

Kitu kilichokamatwa kinasafiri: kutoka ndani ya nyumba, kwa mkamataji, kwa mtunza vielelezo, maabara, kurudi kituoni, hadi mahakamani. Kesi ya Paulo Maduka, ambayo rufaa yake ni ya mwaka 2007, inasisitiza kwamba safari hiyo ionekane kwa maandishi: nani alichukua, lini, kutoka kwa nani, na alimkabidhi nani. Kwa dawa za kulevya, fedha taslimu na vitu vinavyobadilishwa kirahisi, pengo dogo linaweza kuangusha kesi. Kwa kitu kisichobadilika mikono kirahisi, kama gari lenye namba ya chesisi, mahakama hulegeza kidogo.

Kama wewe ni mjumbe, mwenyekiti au jirani uliyeitwa kushuhudia upekuzi, uwepo tangu mwanzo. Usiitwe wakati kitu kimeshawekwa mezani halafu usaini hati ya ukamataji mali. Shuhudia kinapotolewa, kinapohesabiwa, kinapofungwa. Soma hati kabla ya kusaini, na anayepekuliwa apewe nafasi ya kusaini pia. Utakapoulizwa "kilitolewa wapi?" jibu liwe la chumba na kona yake, si "mle ndani".

Mwenye mali naye ana kazi. Simu nyeusi ziko nyingi. Kabla hujaonyeshwa kielelezo utaulizwa: utaitambuaje simu yako? Taja kwanza aina, rangi, ufa wa kioo, namba ya IMEI, risiti kama ipo. Ukianza kutaja alama baada ya kuonyeshwa, utambuzi wako umeshuka bei. Hili lina uzito zaidi pale mtu anapokutwa na mali muda mfupi baada ya wizi, kwa sababu mahakama haiwezi kumtia hatiani kwa msingi huo mpaka ithibitike mali ni ya mlalamikaji, iliibwa karibuni, na ndiyo iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka.

Nyaraka zina utaratibu wake ambao hata baadhi ya mawakili huurukia. Kwanza shahidi anaitambua na kuomba ipokelewe, upande wa pili unaulizwa kama una pingamizi, mahakama inaipokea na kuipa namba ya kielelezo, na hapo ndipo yaliyomo yanasomwa kwa sauti. Kuisoma kabla haijapokelewa ni kosa. Kuipokea bila kuisoma ni kosa jingine, na inaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu wakati wa rufaa.

Ujumbe wa WhatsApp, picha na rekodi za sauti vinapokelewa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imefungua mlango huo, ila mahakama itapima uaminifu wa namna vilivyotengenezwa, vilivyotunzwa na aliyevituma alivyotambuliwa. Usifute mazungumzo, usipunguze picha, na usitegemee picha ya skrini peke yake wakati simu yenyewe ipo.

Maelezo ya onyo na ungamo

Sehemu hii ni kwa wenye ndugu mahabusu. Mtuhumiwa akihojiwa polisi, anachokisema huandikwa kwenye maelezo ya onyo. Kisheria muda wa msingi wa kumhoji ni saa 4 tangu alipowekwa chini ya ulinzi, usipohesabiwa muda kama wa kumsafirisha kutoka alipokamatiwa, na unaweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda huo bila kuongezwa yanaweza kukataliwa. Ungamo pia linaweza kuandikwa mbele ya mlinzi wa amani, ambaye kwa kawaida ni hakimu wa Mahakama ya Mwanzo.

Ungamo linapokelewa kama limetolewa kwa hiari. Kama mtuhumiwa alipigwa, alitishwa au aliahidiwa kitu, pingamizi litolewe pale pale maelezo yanapoombwa kuwa kielelezo, kabla hayajapokelewa. Ukisubiri mpaka zamu ya utetezi umechelewa. Likitolewa kwa wakati, mahakama husimamisha kesi na kuchunguza kwanza kama maelezo yalikuwa ya hiari. Mahakama Kuu hufanya kesi ndogo ndani ya kesi kubwa, kwa mashahidi na uamuzi wake. Ndiyo maana alama za kipigo zionyeshwe mapema kwa hakimu na kwa daktari wa gereza, ziandikwe. Na mshtakiwa mwenzako akikutaja kwenye ungamo lake, hilo peke yake haliwezi kukutia hatiani.

Hatua ya tano: siku ya ushahidi

Ukipata hati ya wito, nenda. Kutokwenda bila sababu kunaweza kukuletea hati ya kukamatwa. Kama unaumwa au umefiwa, toa taarifa mapema kwa karani au kwa wakili wa Serikali. Siku hiyo fika mapema, zima simu, na usiingie ndani ya chumba cha mahakama kusikiliza wenzako. Shahidi aliyesikiliza ushahidi wa mwingine anaonekana kama ameazima maneno. Kwa sababu hiyo hiyo, msikae nje mkipanga "tuseme nini".

Lugha ya mahakama ni Kiswahili tangu marekebisho ya mwaka 2021. Kama hukielewi vizuri au unatumia lugha ya alama, omba mkalimani kabla hujaanza. Kanuni za mwaka huo huo zinaruhusu ushahidi kwa njia ya video pale mahakama inapokubali. Kwenye makosa ya kujamiiana ushahidi hutolewa faragha, na magazeti hayaruhusiwi kuuchapisha.

Utaapa au kuthibitisha kwa imani yako. Usidharau hatua hii: ushahidi wa mtu mzima bila kiapo wala uthibitisho hauna thamani. Na ukisema uongo ukijua, Kanuni ya Adhabu ina kifungo cha hadi miaka 7.

Kisha unaongozwa. Upande uliokuita unakuuliza kwanza, na hauruhusiwi kukuwekea majibu mdomoni kwenye mambo yanayobishaniwa. "Je, ni kweli ulimwona mshtakiwa akiwa na panga?" ni swali la kuongoza, "uliona nini?" ndilo swali. Simulia kwa mfuatano, polepole. Hakimu anaandika, mwangalie kalamu yake, na kama bado anaandika nyamaza kidogo mpaka amalize.

Baada ya hapo ni dodoso. Wakili wa utetezi anaruhusiwa maswali ya kuongoza, na kazi yake ni kukutikisa. Jibu ulichoulizwa, basi. Hukuelewa, mwambie arudie. Hujui, sema hujui. Hukumbuki, sema hukumbuki, ila usijifiche humo kwenye mambo ambayo mtu yeyote angeyakumbuka. Jibu ukimtazama hakimu, kwa sababu ndiye unayemweleza. Ukiulizwa "ulizungumza na wakili wa Serikali kabla ya kuja hapa?" na ulizungumza naye, sema ndiyo, si kosa.

Litakuja suala la maelezo yako ya polisi. Kama anataka kuonyesha kwamba unajipinga, anapaswa kukuelekeza kwenye sehemu husika na kukupa nafasi ya kueleza, ndipo maelezo yaombwe kuwa kielelezo. Eleza ukweli. "Nilimwambia askari, hakuandika" ni jibu linalowezekana, ila litapimwa na saini yako iliyo chini. Tofauti ndogo hazivunji kesi: mashahidi wawili kutofautiana kama shati lilikuwa la bluu au la kijani ni kawaida ya binadamu, na mahakama hushuku zaidi wanaofanana neno kwa neno. Zinazovunja ni zile za kwenye kiini: nani, wapi, lini, alifanya nini.

Mwisho ni maswali ya kusawazisha, ya upande uliokuita, kufafanua yaliyoibuka kwenye dodoso. Si nafasi ya kuleta hadithi mpya.

Kama mshtakiwa hana wakili

Muulize shahidi maswali, usimhutubie. Hakimu akisema "una maswali?" na mshtakiwa akajibu "sina" kwa hasira au woga, mahakama inaweza kuchukulia kwamba amekubali jambo hilo la msingi lililosemwa. Kwa hiyo kila shahidi aulizwe angalau kuhusu lile moja linalomgusa mshtakiwa: "ulisema uliniona, kwenye maelezo yako polisi ulinitaja?" Maswali yaandikwe usiku uliopita. Msaada wa bure unaweza kupatikana kwa watoa huduma waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Utetezi wa kutokuwepo eneo la tukio una sharti lake: taarifa itolewe kabla ya kesi kuanza kusikilizwa, au walau maelezo yake yapewe upande wa mashtaka kabla haujafunga ushahidi wake. Ukiuleta ghafla siku ya kujitetea, mahakama ina hiari ya kutoupa uzito. Na kwenye hoja za awali, pale mambo yasiyobishaniwa yanapoorodheshwa, usikubali jambo kwa sababu tu limesomwa haraka. Ukishakubali, hakuna shahidi atakayeitwa kulithibitisha.

Ukishashuka kizimbani

Kwenye mahakama za chini shahidi ana haki ya kusomewa ushahidi wake ulivyoandikwa, na hakimu anapaswa kumjulisha hivyo. Wachache huitumia, na ni hasara, kwa sababu rufaa itasikilizwa kwa kusoma karatasi hizo tu. Ukikuta "hakuwepo" mahali uliposema "alikuwepo", sema. Maoni yako yataandikwa. Ulizia pia kwa karani utaratibu wa posho ya shahidi kabla hujaondoka.

Ukitishwa kabla au baada ya ushahidi, tunza ujumbe huo na ripoti polisi na kwa wakili wa Serikali anayeendesha kesi. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Usimfuate aliyekutisha mkayamalize, maana hapo utaonekana umeuza ushahidi.

Mali yako iliyopokelewa kama kielelezo haitolewi kwa mazungumzo na karani. Inarudishwa kwa amri ya mahakama, kwa kawaida hukumu inaposomwa, na ikikatwa rufaa inaweza kuendelea kushikiliwa. Kama ni kitu unachokihitaji kila siku au kinachooza, mwombe wakili wa Serikali aiombe mahakama kipigwe picha na kukabidhiwa kwako wakati kesi inaendelea, na uombe hivyo mapema, kabla hujaanza kutoa ushahidi.